Taima isiyokufa na taima inayokufa kabla ya wakati wake: jinsi ya kusaka chanzo

Bagi hizi mbili watu huzileta kama vitu tofauti kabisa. Mmoja analalamika taima yake (kazi uliyoipangia ipige baada ya muda fulani au kila baada ya muda fulani) haizimiki, seva inapigwa maombi usiku kucha na memori inapanda tu, mwingine taima yake ilikuwa inapiga vizuri kila dakika afu ghafla kimya, erori hamna, kwenye logi hamna kitu. Ukizifuatilia mpaka chini unakuta mara nyingi chanzo ni kimoja: kwenye ile kodi hakuna aliyepewa jukumu la kuizima taima, kila mtu kaiachia gabeji kolekta (garbage collector), ile sehemu ya lugha inayofagia memori isiyotumika.

Na gabeji kolekta haijawahi kuahidi hiyo kazi. Yenyewe inashughulika na memori. Inaanzia kwenye vitu ambavyo programu bado inavifikia, yaani veriabo za fanksheni zinazoendelea, vitu vya static, tredi (mikondo ya kazi inayokwenda sambamba) zilizo hai, inafuata nani kamshika nani, kisha kisichoshikwa na yeyote kinafagiwa muda wowote itakapoona inafaa. Haijui kama mteja kaondoka au kazi imeisha. Ni kama gari la taka la mtaani, linabeba ulichotoa nje, haliingii jikoni kukuzimia jiko.

Kwa hiyo dalili yoyote utakayoiona, swali la kwanza ni nani anaishika hii taima sasa hivi. Jibu linabadilika lugha na lugha, na kwenye Go linabadilika hata toleo na toleo, ndo maana ushauri wa mtu wa Java unaweza kukupoteza kabisa ukiwa kwenye C#.

Kazi imeisha lakini prosesi haitoki

Tuanze na nyepesi. Una skripti ya Node, imesoma faili, imeandika kwenye databesi, imeprinti "tayari", lakini terminal hairudi mpaka ubonyeze Ctrl+C. Au uko kwenye majaribio ya Jest na inakuja ile meseji kwamba Jest haikutoka sekunde moja baada ya majaribio kuisha. Mara nyingi kuna `setInterval` imewashwa mahali, na pengine hata sio wewe uliyeiwasha, ni laibrari ya databesi inayopiga hodi kila baada ya sekunde kadhaa kuona kama koneksheni bado ipo.

Node haiangalii kama una veriabo inayoishika ile taima. Lupu ya matukio (event loop, mzunguko wa Node unaosubiri na kuendesha kazi zilizopangwa) yenyewe ndo inaishika, na maadamu taima iko hai prosesi inabaki hai. Kuandika `taima = null` hakusaidii chochote, tena unakuwa umepoteza kitu pekee ulichokuwa nacho cha kuipa `clearInterval`.

Ya kupima: weka `process.getActiveResourcesInfo()` mwisho wa skripti (ipo kuanzia Node 16.14 na 17.3), ukiona `Timeout` kwenye orodha basi mhusika umeshampata, ila haitakuambia katoka faili gani. Kwa Jest ongeza `--detectOpenHandles`, hiyo inajitahidi kukuonyesha na mstari.

Dawa ni `clearInterval` ndani ya `finally`, au kufunga ile koneksheni ya databesi vizuri kwa njia iliyoandikwa na laibrari yenyewe. Wengine wanakimbilia `.unref()`, na kweli prosesi itatoka, lakini elewa imefanya nini: imeiambia lupu isiisubiri hiyo taima, haijaizima. Prosesi ikiwa hai kwa sababu nyingine yoyote, taima inaendelea kupiga vilevile. Kwa maoni yangu `.unref()` inawafaa waandishi wa laibrari wanaotaka kazi yao ya pembeni isimzuie mtu kutoka, kwa seva inayokaa hewani wiki nzima haina msaada.

Kwenye Java dalili ni hiyohiyo. Kila `java.util.Timer` inaanzisha tredi yake, na hiyo tredi sio daemon (tredi ya nyuma ambayo prosesi haiisubiri) labda uandike `new Timer(true)`. Maelezo rasmi ya Java yanasema wazi kwamba tredi itajimaliza taima ikishaachwa na kila mtu na kazi zake zote zikiisha, na yanaongeza kwamba hilo linaweza kuchukua muda usiojulikana. Kazi inayojirudia haiishi, kwa hiyo hapo usisubiri, ita `cancel()`. Python nayo, `threading.Timer` ni tredi kamili na intapreta itaingoja mpaka ipige, usipoita `cancel()`.

Mtumiaji kashafunga skrini, maombi bado yanaingia

Hii ndo inayoniuma zaidi maana anayelipa gharama ni mtumiaji kwa MB zake. Chukua app yenye malipo kwa simu: mteja anabonyeza lipa, kwenye simu inatokea sehemu ya kuweka PIN, na huku nyuma app inaiuliza seva kila sekunde 3 kama pesa imeingia. Mteja anaghairi, anarudi nyuma, anachagua bidhaa nyingine, anabonyeza lipa tena. Sasa taima ziko mbili. Akirudia tena ziko tatu, na kila moja inatuma maombi 1,200 kwa saa. Ukifungua logi za seva utaona namba ya muamala ileile inaulizwa nusu saa baada ya mtu kuondoka kwenye ile skrini, hiyo ndo alama yake na haifanani na kitu kingine.

Kodi yenyewe kwenye React huwa ni hii:

```jsx
useEffect(() => {
  setInterval(() => ulizaHali(muamalaId), 3000);
}, [muamalaId]);
```

Angalia, jibu la `setInterval` limetupwa, hakuna aliyelipokea, kwa hiyo hata ukitaka kuizima huna cha kuzimia. Browser inaishika ile fanksheni ya ndani, fanksheni inashika `muamalaId` na kila kitu cha komponenti inachokitumia, basi komponenti imeondoka kwenye skrini lakini data zake ziko palepale kwenye memori na kazi inaendelea. Zamani React ilikuwa inakupigia kelele kwenye konsoli ukibadilisha state ya komponenti iliyokwishaondoka, tangu React 18 lile onyo limetolewa, kwa hiyo ukimya wa konsoli usikufariji.

Kuna dalili nyingine hapahapa: ukiwa kwenye maendelezo unaona kila ombi linaenda mara mbili, afu mtu anakushauri utoe StrictMode. Usitoe. StrictMode ya React 18 inawasha komponenti, inaizima, inaiwasha tena, makusudi kabisa, ili uone kama usafi wako (ile fanksheni ya kuzima inayorudishwa na `useEffect`) unafanya kazi. Ukiona maombi mara mbili mfululizo bila kukoma ujue ile taima ya kwanza haikuzimwa, na wateja wako wanalo tatizo hilohilo.

Kodi inayoeleweka ni hii:

```jsx
useEffect(() => {
  const kikomo = new AbortController();
  let taima;

  const uliza = async () => {
    try {
      const jibu = await ulizaHali(muamalaId, kikomo.signal);
      if (kikomo.signal.aborted) return;
      setHali(jibu);
      if (jibu !== "inasubiri") return;
    } catch (e) {
      if (kikomo.signal.aborted) return;
    }
    taima = setTimeout(uliza, 3000);
  };

  uliza();
  return () => {
    kikomo.abort();
    clearTimeout(taima);
  };
}, [muamalaId]);
```

Mambo mawili hapo sio mapambo. La kwanza, nimetumia `setTimeout` inayojipanga upya baada ya jibu kurudi, maana `setInterval` haisubiri mtu, mtandao ukiwa mzito na jibu likichukua sekunde 8 tayari umeshatuma maombi mengine mawili juu yake, na majibu yanaweza kurudi kwa kupishana, unaonyesha "imelipwa" afu sekunde inayofuata inarudi "inasubiri" na mteja anachanganyikiwa analipa mara ya pili. La pili, `clearTimeout` inazuia ombi lijalo tu, lile ambalo liko njiani haligusi, ndo maana kuna `AbortController`, yenyewe inalikatisha ombi lililoko njiani. Na weka ukomo, baada ya dakika chache acha kuuliza, muonyeshe mteja kitufe cha kuangalia tena mwenyewe.

Flutter wao wanaambiwa kabisa, `setState() called after dispose()`. Dawa inayopendwa ni kuweka `if (mounted)`, na erori inapotea kweli, lakini `Timer.periodic` inaendelea kupiga kama kawaida, umeondoa kengele tu. Ita `cancel()` ndani ya `dispose()`. Android ukitumia `Handler.postDelayed`, foleni ya meseji inaishika Runnable, Runnable ikiwa imeandikwa ndani ya Activity inaishika Activity nzima pamoja na picha na vyote vilivyomo, na ukizungusha simu mara kadhaa unakuwa na Activity kadhaa zimelala kwenye memori zikisubiri zamu. `removeCallbacks` kwenye `onStop` au `onDestroy` kutegemea kazi yenyewe.

iOS hapa pana mtego wake. Swift haina gabeji kolekta ya kupita na kufagia, inahesabu nani kamshika nani, kitu kinaondoka hesabu ikifika sifuri. Sasa `Timer` ya kawaida inamshika target wake (kitu inachokiita ikipiga), na run loop (lupu ya matukio ya iOS) inaishika `Timer`. Watu wengi wanaandika `taima.invalidate()` ndani ya `deinit` (fanksheni inayoitwa kitu kikiwa kinaondoka) na wanaona wamemaliza, lakini `deinit` haitaitwa mpaka hesabu ifike sifuri, na hesabu haiwezi kufika sifuri maadamu taima iko hai, kwa hiyo ule mstari hautafikiwa kamwe. Zima kwenye `viewDidDisappear`, au tumia ile ya block iliyokuja na iOS 10 ukiwa na `[weak self]`, halafu `deinit` yako sasa itafikiwa na `invalidate` itafanya kazi.

Seva ya Go, memori inapanda polepole na trafiki ikiwa kubwa haishuki

Tafuta hii kwenye kodi yako kwanza kabla ya kitu kingine chochote:

```go
for {
	select {
	case m := <-ujumbe:
		shughulikia(m)
	case <-time.After(5 * time.Minute):
		log.Println("kimya dakika 5, natoka")
		return
	}
}
```

Inasomeka vizuri, ndo shida yake. Kila mzunguko `time.After` inatengeneza taima mpya na chaneli mpya (bomba ambalo taima inapitishia ishara yake). Ujumbe ukifika, ile taima inaachwa, hakuna anayeihitaji, lakini kabla ya Go 1.23 mfumo wenyewe ulikuwa unaishika mpaka dakika 5 zake ziishe. Piga hesabu: ujumbe 2,000 kwa sekunde mara sekunde 300 ni taima 600,000 ziko hai kwa wakati mmoja bila kazi yoyote. Ukikadiria baiti 200 kila moja hapo ni MB 120, na hujahesabu CPU ya kuzipanga, maana zinakaa kwenye heap (foleni iliyopangwa kwa muda wa kupiga) na kila inayoingia au kutoka inabidi zipangwe. Kwenye profaili ya memori utaona `time.NewTimer` na `time.After` ziko juu, kwenye profaili ya CPU ya matoleo hayo ya zamani utaona majina kama `runtime.siftdownTimer`.

Go 1.23, iliyotoka Agosti 2024, ilibadilisha hili: taima na ticker (taima zinazojirudia) ambazo hazishikwi na yeyote zinaweza kufagiwa palepale hata kama hukuita `Stop`. Hata `time.Tick`, ambayo miaka yote tuliambiwa tuiogope, maelezo yake sasa yanasema haina tena ubaya huo.

Lakini hapa ndo watu wanakwama. Wamepandisha kompaila mpaka 1.23 au zaidi, wanapima, memori bado inapanda. Tabia mpya haiji na kompaila peke yake, inaangalia mstari wa `go` ndani ya `go.mod` ya programu kuu. Ukiwa umeandika `go 1.21` pale, hata ukompaili na Go 1.23 yenyewe, unapata tabia ya zamani. Na ni ya programu kuu, sio ya laibrari, kwa hiyo ukiandika laibrari hujui itatumika na nani. Kuna na `GODEBUG=asynctimerchan=1` inayorudisha tabia ya zamani kwa makusudi, mtu anaweza kuwa aliiweka kwenye mazingira ya seva wakati wa kuhama akasahau kuitoa. Njia ya haraka ya kujua: kimbiza `go version -m` juu ya binari iliyoko kwenye seva, ukiona `asynctimerchan=1` kwenye mstari wa `DefaultGODEBUG` basi uko kwenye tabia ya zamani, halafu angalia na veriabo za mazingira za ile prosesi.

Mimi bado ningeandika hivi, toleo lolote:

```go
t := time.NewTimer(5 * time.Minute)
defer t.Stop()
for {
	select {
	case m := <-ujumbe:
		shughulikia(m)
		if !t.Stop() {
			<-t.C // kwa matoleo kabla ya 1.23
		}
		t.Reset(5 * time.Minute)
	case <-t.C:
		log.Println("kimya dakika 5, natoka")
		return
	}
}
```

Taima moja tu, inatumika tena na tena. Ule mstari wa kumwaga chaneli unahitajika kwa matoleo ya zamani kwa sababu taima inaweza kuwa ilishapiga wakati unashughulikia ujumbe, thamani imekaa kwenye chaneli inasubiri, ukiita `Reset` bila kuimwaga mzunguko unaofuata utasoma ile ya zamani na kutoka wakati hakuna kimya chochote kilichotokea. Kuanzia 1.23 `Stop` na `Reset` zinahakikisha thamani iliyochacha haisomwi, na hiyo kodi inafanya kazi pande zote mbili.

Nimeita Stop kabisa, gorutini bado zinaongezeka

Hapa toleo jipya haliokoi mtu (gorutini ni kazi nyepesi ya Go inayokwenda sambamba na nyingine):

```go
func anzaUkaguzi() *time.Ticker {
	t := time.NewTicker(time.Minute)
	go func() {
		for range t.C {
			kagua()
		}
	}()
	return t
}
```

Aliyeiita anaita `t.Stop()` kwa nidhamu nzuri, tiki zinaacha kuja, anaamini amemaliza. Ila `Stop` haifungi chaneli, na waliofanya hivyo walikusudia, wangeifunga basi gorutini inayosoma ingeweza kuona kufungwa kule kama tiki halali. Matokeo yake ile gorutini imesimama kwenye `range` inasubiri kitu ambacho hakitakuja tena, na gorutini iliyosimama haifagiwi na kolekta, inakaa na stack yake na kila kitu ilichokishika. Uki-dump `/debug/pprof/goroutine?debug=2` utakutana na mistari ya namna hii:

```
goroutine 4213 [chan receive, 187 minutes]:
```

Zikiwa nyingi, zote kwenye mstari uleule wa kodi, na dakika zinaongezeka kila ukiangalia, basi ndo hiyo. Kwa hiyo taima na anayeisubiri ni vitu viwili na vyote vinahitaji kuambiwa kwamba kazi imeisha:

```go
func kaguaMpaka(ctx context.Context) {
	t := time.NewTicker(time.Minute)
	defer t.Stop()
	for {
		select {
		case <-t.C:
			kagua()
		case <-ctx.Done():
			return
		}
	}
}
```

Na usichanganye hizi na `time.AfterFunc`. Ile haina chaneli ya kusomwa, umeuambia mfumo "baada ya muda huu fanya hiki" na mfumo utaishika mpaka ifanyike, toleo lolote. Ukiwa umeghairi lazima uite `Stop`, hakuna namna nyingine.

Taima imekufa yenyewe bila erori

Sasa upande wa pili. Programu ya C#, inatuma ripoti kila dakika. Kwa mashine ya developa inakwenda siku nzima. Ikipelekwa kwa mteja inafanya kazi dakika 20, siku nyingine masaa mawili, halafu basi. Prosesi iko hai, CPU iko chini, kila kitu kinaonekana salama.

```csharp
static void Main()
{
    var taima = new Timer(_ => TumaRipoti(), null, 0, 60000);
    Console.ReadLine();
}
```

Maelezo ya `System.Threading.Timer` yanalisema bila kuficha: lazima uishike, na taima kuwa inapiga hakuizuii kufagiwa. Baada ya mstari wa kwanza hakuna sehemu nyingine inayotaja `taima`, kwa hiyo kompaila ya JIT (inayokompaili programu ikiwa inakimbia) ikiwa imewashiwa ubora (optimization) inaona haihitajiki tena japo `Main` bado haijarudi, na kolekta ikipita tu inaibeba. Ukiwa Debug, JIT inarefusha uhai wa veriabo mpaka mwisho wa fanksheni ili uweze kuziangalia kwenye dibaga, ndo sababu kwako haitokei. Na muda wa kufa unategemea kolekta inapita lini, yaani programu inatumia memori kiasi gani, siku yenye kazi nyingi inakufa mapema. Ndo maana ripoti za wateja hazifanani na kila mtu anasema muda wake.

Kwenye .NET ya siku hizi inaweza kujificha zaidi, kuanzia .NET Core 3.0 fanksheni nyingi zinakompailiwa kwanza kwa haraka bila ubora, kwa hiyo mfano huu wa `Main` unaweza kupona hata kwenye Release. Isikudanganye. Ukiianzisha taima ndani ya fanksheni inayorudi, tuseme `Anzisha()`, veriabo ya ndani inaondoka fanksheni ikiisha na taima inabaki bila mwenyewe kwenye toleo lolote na mpangilio wowote.

Kuthibitisha ni rahisi, weka `GC.Collect()` ndani ya kolbeki (fanksheni ambayo taima inaiita) kwa muda wa majaribio, kompaili Release. Ikipiga mara moja na kunyamaza umeshapata jibu. Dawa ni kuiweka kwenye field ya kitu kinachoishi muda wote inaohitajika, na kuita `Dispose` ukimaliza. Kwa mfano huu wa `Main` hata `using var taima` inatosha, maana `Dispose` itakayoitwa mwishoni ndo inaishika mpaka pale.

Ila tazama kinachotokea ukiiweka kwenye field na kolbeki ikawa ni methodi ya kitu hichohicho. Foleni ya taima ya .NET inaishika kolbeki, kolbeki inakishika kitu chako, kitu chako kinaishika taima kupitia field. Mduara umefungika na umeshikwa na foleni, kwa hiyo taima iliyokuwa inakufa mapema sasa haifi kabisa mpaka mtu aite `Dispose`. Umehamisha mstari mmoja tu, kutoka veriabo ya ndani kwenda kwenye field, na umetoka kwenye bagi ya taima inayokufa mapema ukaingia ya taima isiyokufa. Mimi sioni hoja yenye nguvu kuliko hii ya kuandika `IDisposable` kwenye kila klasi inayomiliki taima, bila kujadiliana.

Kabla hujailaumu kolekta lakini, hakikisha sio exception. Java, `scheduleAtFixedRate` ya `ScheduledExecutorService`, kazi ikirusha exception mara moja tu marudio yote yanayofuata yanafutwa kimyakimya, na `java.util.Timer` ndo mbaya zaidi maana exception moja inaua tredi nzima na kazi nyingine zote zilizokuwa humo, ukijaribu kupanga mpya unaambiwa taima imeshafutwa. Funga kazi yako ndani ya `try` na uandike logi. Kwenye browser angalia kama tab ya ukurasa ilikuwa nyuma, Chrome tangu toleo 88 inaweza kuzipunguza taima za ukurasa uliofichwa zaidi ya dakika 5 mpaka mara moja kwa dakika, hiyo haijafa, imecheleweshwa. Na kwenye Python ya asyncio, lupu inazishika task kwa ulegevu tu (mshiko usiozuia kufagiwa), maelekezo yao wenyewe yanakutaka uhifadhi kile `create_task` inachorudisha, weka kwenye seti na uitoe ikimaliza.

Imezimwa na kolbeki imepiga tena

Hii haihusu kolekta ila inakuja mara tu unapoanza kuzima kwa mkono. Kwenye .NET kolbeki zinapangwa kwenye thread pool (kundi la tredi zinazogawana kazi), kwa hiyo `Dispose` inaweza kurudi wakati kuna moja iko kwenye foleni au iko katikati ya kazi. Tumia `await taima.DisposeAsync()`, inasubiri zilizobaki ziishe. Kwenye Go, `Stop` ya `AfterFunc` ikirudisha `false` maana yake fanksheni imeshaanza au taima ilishazimwa, na haikusubirii imalize, ukihitaji kusubiri weka `sync.WaitGroup` yako. Ukifunga databesi mara tu baada ya kuzima taima bila hili, utapata erori za koneksheni iliyofungwa wakati wa kushusha seva, na watu watatafuta tatizo kwenye databesi.

Kuthibitisha kwamba imepona

Usipime kwa kuangalia memori peke yake, kolekta inaweza kuchelewa kufagia na ukadhani bado, au ikafagia kingine ukadhani tayari. Hesabu taima na wanaozisubiri. Fungua na ufunge ileile skrini au koneksheni mara 100, afu linganisha kabla na baada: kwa Go chapisha `runtime.NumGoroutine()`, kwa Node hesabu `Timeout` kwenye ile orodha ya `process.getActiveResourcesInfo()`, kwa Java chukua thread dump na utafute majina `Timer-0`, `Timer-1` na kuendelea, ukikuta `Timer-97` iko hai kuna mtu hajaita `cancel`. Kama unatumia `ScheduledThreadPoolExecutor`, jua kwamba kazi uliyoifuta inabaki kwenye foleni mpaka muda wake ufike usipowasha `setRemoveOnCancelPolicy(true)`, kwa hiyo foleni ndefu hapo haimaanishi umesahau kufuta. Kwa Go kuna na laibrari ya `goleak`, unaiweka kwenye `TestMain` na jaribio linafeli pakibaki gorutini yoyote isiyotakiwa, ukisoma stack inayotoa unaenda moja kwa moja kwenye mstari ulioianzisha.